Kihispania cha mwanzo: Mswahili ana mtaji

Dada, unasema miezi mitatu imepita na bado unachanganya «ser» na «estar», vitenzi viwili vya «kuwa», na kwamba utamaduni wa Wahispania unakuzidi. Pole, lakini hujakwama kama unavyodhani.

Anza na Kiswahili chako. «Soy de Mombasa» (ya «ser») ni sawa na kusema mimi ni mtu wa Mombasa. «Estoy en Mombasa» (ya «estar») ni niko Mombasa. Sisi tuna «ni» na «niko», wao wana yao. Mlinganisho huu hauingii kila mahali (kusema karamu iko wapi, wao hutumia «es» ya «ser», si «está» ya «estar»), ila utakuvusha mbali. Irabu zao tano ndizo zetu. «Mesa» ni meza, tuliyoipata kwa Wareno. «Azúcar» na sukari zote zimetoka Kiarabu, kama «hasta» na hata. Na mtu aliyezoea ngeli zetu atalalamikaje kuhusu jinsia mbili tu?

Kuhusu utamaduni, acha kutafuta mmoja. Argentina rafiki huitwa «vos», yaani wewe. Bogotá, Kolombia, utasikia «usted», wewe ya heshima, hata ndani ya familia. Mexico hukumbuka marehemu Novemba 1 na 2 kwa maua na vyakula, na Guinea ya Ikweta, wanakozungumza Kihispania pia, ni Waafrika wenzetu. Chagua nchi moja, sikiliza redio yake kila siku.

Mimi niliwahi kumwita mama mzee «tú», wewe ya kirafiki. Alinijibu kwa «usted» mpaka nikaona haya. Ukiwa na shaka, mpe mkubwa «usted», kama unavyompa shikamoo.