Hakunaje, na mimi ninayo?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kwa nini The Lion King, ile ya 1994 ya kuchorwa, haizeeki, na kwa nini wazazi walioiona wakiwa watoto wanawawekea watoto wao hiyohiyo? Majibu mtayapata mengi. Watu watataja nyimbo za Elton John na Tim Rice, kifo cha Mufasa, kwaya ya Lebo M. Yote kweli, sina la kuongeza. Mimi nina swali la jirani, ambalo huzuka kila filamu hii inapotajwa ukumbini: mwana-mfalme anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa, basi kwa nini isiseme Kiswahili mwanzo hadi mwisho?

Naanza na msimamo: isiguswe. Wanaosema "ingizeni sauti tu" hawajakaa na karatasi wakahesabu silabi.

Kuingiza sauti za Kiswahili si jambo geni kwetu. Tangu TBC ionyeshe tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, kazi hiyo imekuwa ajira. Lakini tamthilia ni mazungumzo. Mwigizaji akigeuza kisogo, au kamera ikihamia kwa anayesikiliza, unaongeza maneno upendavyo na hakuna anayejua. Hata mtafsiri wa banda la video, awe Lufufu au DJ Afro, hana deni na midomo ya mtu: anasema juu ya sauti ya filamu, anachelewa, anacheka, anatia chumvi, na watazamaji wamemlipia hilo. Wimbo wa filamu hauna huruma hiyo. Muziki umeshapigwa, mchoro umeshafuata sauti ya mwimbaji wa kwanza, na filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde. Neno likichelewa picha mbili hakuna anayeona. Likichelewa nne au tano, mtoto wa miaka sita anajua kuna kitu kimeharibika ingawa hawezi kukisema.

Kabla ya wimbo kuna majina, na hapo ndipo wengi huteleza bila kujua. Wakati Pumbaa na Timon, yule nguchiro, wanamkuta Simba amezirai jangwani, Timon anamwinua mguu wa mbele, anamtambua na kupiga yowe kwamba ni simba. Kwa Kiswahili atapiga yowe gani? "Simba! Simba!" Yaani amemwita jina lake kabla hawajajuana. Masikio hayasikii herufi kubwa. Inabidi yowe liwe "Mla nyama!" au "Ana makucha, kimbia!", na kuanzia hapo katika maandishi yote neno simba lisitumike kwa mnyama, litumike kwa mtu huyo tu, wengine wawe "ukoo", "sisi", "wenye manyoya". Rafiki naye anakunyang'anya neno la kila siku. Mtu akisema "wewe ni rafiki yangu", watoto watageuka kumtafuta nyani. Kwa hiyo Timon na Pumbaa wawe maswahiba, au "mwenzangu". Kuhusu Shenzi, yule fisi, sisemi kitu. Mama atakayesikia mtoto anaita jina hilo sebuleni atamaliza mwenyewe. Na msiwape fisi lafudhi ya mkoa wowote.

Sasa wimbo wenyewe, Hakuna Matata, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kwa Kiingereza kichekesho chote kimesimama juu ya jambo moja: Simba mdogo hajui maneno hayo maana yake nini, na mtazamaji hajui pia. Wale wawili wanatamka, wanatafsiri, wanaimba. Mtazamaji wa Kiswahili yuko mbele ya Simba, na hiyo ni raha ya pekee; mtoto wa Mwananyamala au Kisauni anajua jibu kabla mhusika hajaelezwa. Weka filamu nzima kwa Kiswahili na raha hiyo inageuka upuuzi. Pumbaa anasema hakuna matata, kisha anamweleza mtoto anayezungumza Kiswahili kwamba maana yake ni hakuna matata. Simba anaonekana bwege.

Tena kuna hesabu. Mstari unaotafsiri, "It means no worries", una silabi tano; unaofuata, "for the rest of your days", una sita. Fasiri ya moja kwa moja, "maana yake hakuna wasiwasi", ni silabi kumi na mbili. "Siku zako zote zilizobaki" ni kumi na moja. Unaingiza ishirini na tatu mahali pa kumi na moja. Mwimbaji atakimbia kama kondakta anayetaja vituo, na midomo ya Timon itakuwa imefunga yeye bado yuko "wasi".

Kuna na mkazo. Katika mstari wa kwanza mdundo mzito unaangukia silabi ya pili na ya nne. "Acha mawazo" ni tano sawasawa, na "wa" yake ya nne inakaa juu ya mdomo uliochongoka kwa "w" ya Kiingereza. Kwa macho ni dawa. Lakini mkazo wa "acha" uko mwanzoni, kwa hiyo mwimbaji anatoka na "acháa mawazo" na anasikika kama mgeni aliyefika jana. "Usijali tu" nayo ni tano, mkazo unaangukia ya tatu, haifai kabisa. "Achana nayo" ni tano, mkazo kwenye "cha" na "na", ya pili na ya nne. Inakaa. Hasara yake ni kwamba mdomo umechongoka na sauti haijachongoka. Mimi ningechagua sikio dhidi ya jicho.

Na hapo, nikiwa naandika, naona kitu ambacho sikuwa nacho nilipoanza. "Achana nayo" haitafsiri. Inaamuru. Timon na Pumbaa hawamwelezi tena Simba maana ya maneno anayoyajua, wanamfundisha afanyeje. Ukishafika hapo, swali la Simba nalo linabadilika. Haulizi "ni nini hiyo?" Anauliza kama mtu mwenye matata yake: "Hakunaje, na mimi ninayo?" Mtoto huyo ametoka kumwona baba yake amekufa na anaamini ni kosa lake. Kwa Kiingereza hajui neno. Kwa Kiswahili analijua sana, ndiyo maana anashangaa. Sentensi yenyewe ni ndefu kuliko mdomo anaoufungua pale, itabidi ipunguzwe mpaka "Hakunaje?" au ihamishiwe mahali uso wake hauonekani, lakini hilo ni tatizo la fundi.

Mstari wa pili una ugomvi mwingine. Silabi sita, mkazo mmoja wa tatu, mwingine wa mwisho kabisa, ndio unaovutwa. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la kumalizia kwa kishindo hatuna, labda "tu" na vimilio kama "pu" na "do". "Siku zako zote" ni sita, "za" inaangukia ya tatu vizuri, ila noti ndefu inamkuta "te" mnyonge. Nilikuwa niandike kwamba hapo ndipo Kiswahili kinashindwa. Lakini sikilizeni taarabu: irabu ya mwisho ndiyo inayovutwa na kukunjwa mpaka ukumbi uanze kutuza. Shairi letu kina chake kiko silabi ya mwisho, si kwenye mkazo. Sikio letu limezoea. "Siku zako zoteee" itapita, mradi mwimbaji asiipige kwa nguvu, aivute tu.

Halafu pale ngiri anaposimulia alivyotengwa na wanyama kwa harufu yake. Kina kinamwelekeza kwenye neno la aibu, na Timon anamziba kabla halijatoka kwa sababu kuna watoto. Kwa Kiingereza anakatwa kabla ya neno zima. Sisi kitenzi chetu kinaanza na viambishi, unaweza kumkata katikati: "Nikaacha kutamba, kila nilipoja..." Watoto wote chumbani watamalizia kwa pamoja. Samahani mhariri, lakini hapa Kiswahili kinaishinda asili.

Yale mengine ni ya kawaida. Upate ukanda wenye muziki na milio bila maneno. Urekodi mwimbaji mmoja mmoja, masikioni awe na sauti ya asili kwa chini tu, ikizidi ataiga lafudhi. Kwa Simba waajiriwe watoto wawili na wakubwa wawili: hata Kiingereza, Jonathan Taylor Thomas alisema na Jason Weaver akaimba, kisha Matthew Broderick akasema na Joseph Williams akaimba. Katika wimbo huu Simba anakua akivuka gogo, hatua chache tu, na sauti ya mtu mzima lazima ipokee bila mshono. Mtoto arekodiwe mapema, maana sauti ikivunjika wiki mbili kabla hujamaliza, unaanza upya. Mwito wa ufunguzi ubaki Kizulu. Ni Kizulu tangu mwanzo, ingawa nusu ya ukumbi huapa ni Kiswahili cha zamani.

Kwa hiyo msimamo wangu wa juu umelegea, naukubali. Iguswe, kwa masharti. Asipewe mtafsiri wa nyaraka, apewe mtunzi wa mashairi akae na mwimbaji na saa ya kuhesabia. Maneno "hakuna matata" yenyewe yabaki, ingawa Dar mtu akikwambia hivyo bila kucheka ujue anakuuzia kinyago; watu wa huku husema hakuna shida, na mwenye "matata" mdomoni kila siku ni Mkongo. Na toleo la Kiingereza lisiondolewe rafuni, kwa sababu ile raha ya kujua jibu kabla ya Simba ipo humo tu, na hilo ndilo jibu la swali lenu mliloniuliza.

Kilichonishinda bado ni lile yowe la jangwani. "Mla nyama!" ni silabi nne na halitishi.