Kabla hujaing'oa jQuery kwenye tovuti ya mteja

Niliijua jQuery, maktaba ya msimbo uliokwisha andikwa kwa JavaScript, miaka mitatu kabla sijaijua JavaScript yenyewe, lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari. Naandika alama ya dola, jina la kitu ndani ya mabano, kisha .hide() au .slideDown(), na ukurasa unatii. Sikujua kwamba ile dola ni jina la fanksheni tu (kipande cha msimbo unachokiita kifanye kazi), kama fanksheni nyingine yoyote.

John Resig alipoitoa maktaba hii mwaka 2006, kila kivinjari kilikuwa na lugha yake. Ukitaka kitufe kisikie kubofywa, Firefox ilitaka addEventListener, Internet Explorer ikataka attachEvent, nawe ukaandika kazi ileile mara mbili. jQuery ikaubeba ugomvi huo wote. Ndiyo maana ilienea hadi ikawa inakuja ndani ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, na ndiyo maana naiheshimu mpaka leo.

Haikushuka kwa ubovu. Vivinjari vyenyewe vilijifunza kazi yake: querySelectorAll ya kutafuta vitu, classList ya kubadili mitindo, fetch ya kuongea na seva. Kisha mwaka 2013 ikaja React, maktaba nyingine ya JavaScript, na wazo jingine kabisa: eleza data ilivyo, ukurasa utajichora wenyewe. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, waliiondoa jQuery mwaka 2018, na Bootstrap 5, seti ya mitindo ya kurasa, ikatoka bila kuihitaji mwaka 2021.

Watu wakasikia "imekufa" na kuanza kung'oa. Mimi nilikurupuka kwa namna yangu. Mteja mmoja wa nyumba za wageni alikuwa na jQuery 1.8. Usiku mmoja nikaitoa, nikaweka toleo la 3 palepale kwenye tovuti inayotumika. Asubuhi picha za ukurasa wa mbele hazisogei na fomu ya kuomba chumba haitumi kitu. Konsoli, sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa, inasema: url.indexOf is not a function. Nilihangaika na url siku nzima, kumbe sikuwa na url yoyote. Plagini (programu ya nyongeza) ya picha iliandikwa $(window).load(), njia ya mkato iliyoondolewa kwenye toleo la 3. Load iliyobaki ni ile ya kuvuta ukurasa kutoka kwenye seva, inasubiri anwani, nayo ikapewa fanksheni. Fomu ilitegemea .live(), njia ya zamani ya kusikiliza mibofyo, iliyoondolewa tangu 1.9. Mteja alikuwa amekosa maombi ya siku nzima, na simu ile ya kumweleza sijaisahau.

Kwa hiyo ukirithi tovuti ya aina hii, fanya nakala kwanza, ujaribie huko. Weka jQuery Migrate, nyongeza ya kukusaidia kuhama toleo, kwa faili lile lisilobanwa, kwa sababu ndilo linaloandika onyo kwenye konsoli kila linapokuta njia ya zamani. Panda kwa hatua: Migrate 1 ikufikishe kwenye 1.12, kisha Migrate 3 ikupeleke kwenye toleo la 3. Usiishie chini ya 3.5.0 ya mwaka 2020, maana hapo ndipo liliposhughulikiwa tundu la usalama kwenye .html() na ndugu zake. Ukifika hapo na tovuti inafanya kazi, iache. Kumtoza mteja aandikiwe upya kwa React, ilhali anachohitaji ni fomu na picha sita, mimi naona ni kumwonea.

Anayeanza leo namwambia aanze na JavaScript tupu. Kijana ninayemfundisha nilimpa mstari huu aubadilishe: $('.menyu').toggleClass('wazi'). Akaleta document.querySelector('.menyu').classList.toggle('wazi'), akashangaa menyu ya juu inafunguka na ya chini imelala. Dola ilikuwa inazipitia zote kimyakimya. QuerySelector huchukua ya kwanza tu. Akaweka querySelectorAll na forEach, zikafunguka zote mbili. Nikamwambia arudi kwenye ule mstari wake wa kwanza, akosee jina kwa makusudi, aandike '.menyuu'. Kivinjari kikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba amepewa null, yaani hakuna kitu. Akarudia kosa lilelile kwa jQuery. Konsoli haikuandika kitu.