Kabla ya kupanda sukuma nyuma ya nyumba, uliza hapo palikuwa na nini

Sukuma wiki yangu ya kwanza hapa Kariobangi, Nairobi, ilinawiri hadi majirani wakawa wanapita kuitazama. Majani mapana, kijani kibichi, hata tundu la mdudu halionekani. Nilikuwa nimeipanda nyuma ya nyumba tuliyopanga, na kwa miezi minne sikununua mboga hata siku moja. Nikichuma, kitinda mimba wangu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, yuko chini kando yangu anachezea udongo. Mtoto wa umri huo mnamjua: mkono ukitoka kwenye udongo unaenda mdomoni.

Siku moja jirani yetu mzee, tunayemwita Guka, alikuja kuchukua mboga ya shilingi ishirini. Akatazama matuta, akatazama ukuta, mboga akaiacha mkononi mwangu.

"Mama Shiru, kumbe ni hapa umepanda? Hapa palikuwa pa mafundi wa betri za magari. Walikuwa wanazipasua kwa shoka, asidi inamwagwa papo hapo."

"Lini hiyo, Guka?"

"Kitambo. Kabla hii nyumba haijajengwa."

Kesho yake nilichimba karibu na ukuta. Futi moja hivi chini nikakuta vipande vya plastiki nyeusi nene, na katikati yake visahani vya kijivu vyenye matundu kama chekecheo. Ni vidogo lakini vizito, ukivibana vinakatika na kuacha weusi kidoleni. Hiyo ni risasi, si ya bunduki bali ile metali yenye sumu inayoitwa "lead" kwa Kiingereza, na risasi haiozi. Mvua haiimalizi, jua haliichomi, mbolea haiigeuzi kitu kingine. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini ile iliyokwisha kutua kwenye udongo wa kando ya barabara haikuondoka pamoja na petroli.

Nilimpeleka mtoto kupimwa damu. Alikutwa na mikrogramu 9 za risasi kwa kila desilita. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na linasema pia kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya la mtu mzima, na kinachoumia kwanza ni ubongo: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Wala mtoto haumwi kitu. Mwanangu alikuwa anakula, anacheka, anakimbia. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Daktari hakumpa dawa, kwa kiwango kile dawa ilikuwa kumwondoa kwenye udongo ule. Akaniambia nimpe maziwa, maharagwe na omena, kwa sababu mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni hapa hapa Gigiri, lilitoa utafiti kuhusu jaa la Dandora. Watoto 328 wa maeneo ya karibu walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Kutoka Dandora hadi kwangu ni mwendo wa miguu. Kule Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia ni haki yao, lakini haimrudishii mtoto akili aliyopokonywa.

Kwa hiyo ninakuomba, wewe uliye na kipande nyuma ya nyumba: uliza kwanza. Usimuulize mwenye nyumba peke yake. Wetu aliniambia "panda tu, ni shamba zuri". Muulize mzee aliyekaa mtaa huo miaka mingi, au mama anayeuza chai tangu zamani. Palikuwa na gereji? Oili chafu ilimwagwa wapi? Taka zilichomwa kona gani? Ukipata jibu baya, au ukikosa jibu, usipande chini. Panda kwenye gunia au boksi lenye udongo unaojua ulikotoka. Mimi nilipotaka udongo niliingia kwenye lori na dereva mpaka ulipochotwa, kwa sababu huo nao unaweza kuwa umezolewa kando ya mtaro.

Ukitaka kupima, maabara ya udongo ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete ni pa kuanzia. Waambie wazi kwamba unataka kupimiwa risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mkulima huangalia rutuba tu. Chota sehemu kama kumi hivi, kina cha kiganja kimoja, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie karai lenye kutu.

Kuhusu mboga zenyewe: risasi nyingi hubaki kwenye mizizi, na inayofika kwenye sahani huja zaidi na vumbi lililoshika majani. Ndiyo maana viazi, karoti, terere na managu vina hatari kuliko nyanya. Osha kwa maji mengi ya bomba, menya vya mizizi. Kadimiamu ni habari nyingine. Hiyo hupanda hadi ndani ya jani na kuosha hakuitoi, na mboga za kumwagiliwa maji machafu ya mto au ya mtaro ndizo za kuogopa.

Jivu la kuni ni zuri shambani. Jivu la plastiki na nyaya zilizochomwa, hapana kabisa. Mwaka 2005 mayai ya kuku waliokuwa wakichakura karibu na jaa la Dandora yalipimwa yakakutwa na sumu ya dioksini kuzidi kiwango kinachoruhusiwa Ulaya, na dioksini hutokana na kuchoma taka kama hizo. Kuku hula udongo, na wewe unakula yai.

Na kama kwenu kuna fundi wa betri, rangi au radieta, tafadhali abadilishe nguo na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini vumbi lile linalala na familia kitanda kimoja.

Ile kona yangu niliing'oa mboga yote, nikaitia kwenye mifuko na kuifunga ili asije mtu akaila. Juu nikatandika turubai, kisha udongo safi, kisha ukoka, vumbi lisipate pa kutokea. Viatu vinabaki mlangoni na sakafu tunapiga deki, hatufagii kavu. Baada ya miezi saba mtoto alipimwa tena, 6. Mwezi wa nne tunarudi.