Mashine ya vyombo haitoi maji: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ni mengi na karibu yote ni hilohilo, maji yamesimama chini ya mashine ya kuosha vyombo. Kabla hujagusa chochote toa plagi ukutani jamani, umeme wetu hapa Uganda ni volti 240 na wewe mkono uko ndani ya maji.

Fundi ameangalia maji akasema pampu imekufa ninunue nyingine. Nimwamini? Mama wa watoto watatu, Ntinda

Bado mama, usitoe pesa. Mtu ambaye hata filta hajafungua amejuaje pampu imekufa? Chota maji kwa kikombe, yaliyobaki yakaushe na sponji, toa trei ya chini utaona filta pale sakafuni, nyingi unazungusha kwenda kushoto zinatoka. Ioshe na sabuni na mswaki wa zamani, maana kwetu tunakula matooke na binyebwa, yaani karanga, na mchuzi wa binyebwa ukikauka kwenye wavu unashika kama simenti, maji yatapita wapi sasa? Sahani kwangua kwanza kabla ya kuipanga.

Ukimaliza angalia shimo chini ya filta, mashine nyingi zina kifuniko kidogo pale, kitoe, ndani kuna feni ndogo ya pampu. Vaa glavu kwa sababu kipande cha glasi hukioni kwenye maji machafu, halafu izungushe na kijiti. Ikienda kwa kurukaruka usiogope, ni sumaku ya pampu. Ikigoma kabisa kuna kitu kimeingia, mfupa wa kuku, mbegu ya chungwa, kijiti cha meno. Rudisha kifuniko kikae sawasawa, Bosch nyingi kikilegea zinaandika E25, alama ya hitilafu ya pampu. Sasa rudisha plagi, iwashe itoe maji na usikilize. Inanguruma lakini maji hayaendi, njia imeziba mbele, fuata paipu. Iko kimya kabisa, hapo ndo uanze kuongea habari ya pampu au waya, na fundi aje na mita apime, asikisie.

Mashine mpya, nyumba mpya hapa Kira, siku ya kwanza tu maji hayatoki. Nirudishe dukani?

Usirudishe, fungua kabati la sinki kwanza. Ile saifoni mpya, bomba lililopinda chini ya sinki, ina mdomo wa pembeni wa kuunganisha paipu ya mashine, na mara nyingi unakuja umezibwa na plastiki ndani, fundi bomba akivalisha paipu bila kukata hiyo plastiki maji hayana pa kwenda. Angalia pia nyuma, mashine ikisukumwa kwa nguvu kabatini paipu inajikunja. Na paipu ipande juu karibu na kimo cha sinki kabla ya kushuka kwenye saifoni, ikilala chini maji machafu ya sinki yanarudi kwenye vyombo vyako.

Umeme umekatika katikati ya kuosha, umerudi, maji bado yamejaa. Gulu

Nyingi zinaendelea zenyewe pale zilipoishia, funga mlango uipe muda. Ikikwama ifute programu, Bosch nyingi unashika kitufe cha kuanzisha kama sekunde 3, inamwaga maji kama dakika moja. Yakitoka mashine yako ni nzima. Ila umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza bodi ya umeme ya mashine, weka kilinda umeme, na usome kinabeba ampea ngapi, vile vidogo vya friji havifai kwa sababu mashine hii ikipasha maji inavuta kama wati 2000.

Vidonge vya sabuni vya mashine viliisha nikaweka sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono, sasa povu mpaka sakafuni. Jinja

Pole dada. Pampu inavuta povu badala ya maji ndo maana haimwagi. Izime, fungua mlango povu lishuke, chota, halafu endesha ya kusuuza bila sabuni yoyote, rudia mpaka maji yawe safi. Hiyo sabuni usiweke tena hata tone, kama vidonge hakuna osha kwa mkono siku hiyo.

Kila siku kunabaki maji kidogo chini ya filta, nimeanza kuogopa. Mbarara

Ni kawaida ssebo, yanafanya mipira ya pampu isikauke. Yakipanda juu ya filta ndo uchukue kikombe.