Mkuu wa Ujiji, zima hiyo bloa kabla hujaua kioo

Umeandika hapa jukwaani kwamba Toshiba Satellite Pro yako ya 1996 ina doa jeusi katikati ya screen, inanuka siki, na kesho unaipasha kwa bloa (mashine ya kupuliza hewa ya moto) ya nyuzi 300, kama kwenye video uliyotuwekea, ili uvute plastiki ya juu itoke yote kwa mkupuo mmoja. Usifanye. Mimi vioo viwili vimekufa kwa njia hiyo hiyo, na vyote vilikuwa vizima kabla sijavigusa.

Ugonjwa umeujua vizuri. Polaraiza, yaani hiyo plastiki ya juu inayochuja mwanga, ina tabaka za selulosi triasetati (aina ya plastiki). Joto na unyevu vinaivunja, inatoa asidi asetiki (ile ya siki), na asidi hiyo inazidisha uozo. Laptopu iliyofungiwa miaka ndani ya begi kwenye unyevu wa ziwa lazima ifike huko. Lakini kilichooza ni filamu. Kioo chenyewe bado kinafanya kazi.

Sasa tazama pembeni mwa kioo ukishavua fremu ya bati. Utaona riboni nyembamba za kahawia zenye chipu ndogo juu yake. Hizo hazikulehemiwa. Zimebandikwa kwa gundi inayopitisha umeme, iliyokandamizwa kwa joto kiwandani. Screen ya nukta 800 kwa 600 ina rangi tatu kwa kila nukta, yaani mistari 2,400 iliyobanana ndani ya sentimita 23. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine haifiki sehemu ya kumi ya milimita. Bloa inalegeza gundi ile, mkono wako unavuta filamu karibu na ukingo ule, riboni inanyanyuka kiasi ambacho hata macho hayaoni. Ukiwasha, mistari ya wima imejaa, mingine ya rangi moja, mingine myeusi. Ukibonyeza riboni kwa kidole picha inarudi, ukiachia inapotea, na hakuna kalamu ya kulehemu itakayokusaidia hapo. Juu ya hayo, kioo chenyewe kila tabaka ni kama milimita moja tu. Pasha sehemu moja ghafla, kitapasuka.

Kinachoniudhi ni hawa wanaofundisha bloa kwenye video. Tazama tena hiyo uliyotuwekea: inakatika filamu ikishatoka, screen haiwashwi hata sekunde moja. Mtu anayejua kazi yake huwasha mbele ya watu. Wanawaharibia watu vioo ambavyo havitengenezwi tena, na hawarudi kujibu maswali.

Kanuni ni hii: hakuna bloa, na riboni zisiguswe wala kuvutwa. Anza kwenye kona iliyo mbali nazo kuliko zote.

Toa betri na chaja, subiri dakika kadhaa. Waya mbili zinazotoka kwenye inveta (bodi ndogo inayopandisha umeme wa taa ya screen) kwenda kwenye taa hubeba mamia ya volti, usizishike mashine ikiwa imewashwa. Tenganisha kioo na taa yake ya nyuma, hiyo taa na karatasi zake uzifunike kwa nailoni safi vumbi lisiingie. Laza kioo juu ya meza tambarare yenye kitambaa laini, na bodi zilizoshikana na riboni ziegemee kitu cha kimo hicho hicho zisining'inie.

Nyanyua kona kwa kadi ya plastiki. Wembe utachimba kioo, au utateleza hadi kwenye riboni. Ikunje filamu juu ya mgongo wake yenyewe, iwe karibu kulala juu ya kioo, uvute taratibu sana kwa mshazari huku kiganja kingine kimekandamiza kioo. Filamu iliyooza hukatika vipande vipande, hilo ni la kawaida, usikasirike ukaongeza nguvu. Ute wa gundi utakaobaki uloweshe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile ya mafundi simu. Tandaza tishu iliyolowa, funika kwa nailoni isikauke, acha dakika 10 hadi 15, kisha sukuma kwa kadi. Spiriti ya duka la dawa huweza kuacha mafuta. Asetoni inafanya kazi haraka zaidi lakini inakula plastiki na silikoni ya pembeni: iwe kidogo kwenye kitambaa, kamwe usiimimine, na isisogee karibu na riboni. Kioo cha mbele na cha nyuma vyote vina filamu. Toa moja kwanza, ile ya pili ibaki ikuonyeshe mwelekeo wa kubandika filamu mpya.

Kabla ya kununua filamu mpya soma kibandiko chini ya mashine. Namba ya modeli ikiishia CDT una screen ya aina ya TFT, polaraiza ya kawaida itafaa. Ikiishia CDS ni aina ya DSTN, na hizo zina tabaka la kusawazisha rangi, hivyo polaraiza tupu itakupa picha ya manjano au ya bluu.

Kwenye TFT za aina hii mwelekeo mara nyingi ni nyuzi 45. Kwa hiyo usiagize kipande cha saizi ya screen. Screen ya inchi 11.3 ni kama sentimita 23 kwa 17.2, na kuikata kwa mshazari kunahitaji karatasi ya 29 kwa 29. Ulizia kwa mafundi TV Kariakoo, na uwaambie waiviringishe ndani ya bomba la PVC, maana ikikunjwa ndiyo basi. Kata kipande kidogo, kibandue nailoni ya kinga (ile nailoni inaleta rangi za upinde wa mvua na kukudanganya), washa screen, kizungushe juu ya picha mpaka nyeupe iwe nyeupe. Picha ikigeuka kama negativu, zungusha nyuzi 90. Hapo ndipo ukate kubwa.

Ukishafungua, piga picha ya upande zilipo riboni uiweke hapa kabla hujagusa kona yoyote.