Maswali ya Wasomaji: Kodi Yako Ukihama Nchi

Nimeajiriwa na kampuni ya usafirishaji Kitwe, Zambia. Mke wangu na watoto wako Uyole, kwenye nyumba tuliyojenga. Kwa mwaka hukaa nyumbani kama wiki sita, na mshahara unakatwa kodi hukohuko Zambia. Rafiki yangu anasema nisipofikisha siku 183 Tanzania sihusiki na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Ni kweli?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Rafiki yako amekupa nusu ya sheria, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu. Siku 183 ni kigezo kimoja tu cha kuwa mkazi kikodi katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Kingine kinasema hivi: mwenye makazi ya kudumu Tanzania, akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka wa mapato (Januari hadi Desemba), ni mkazi kwa mwaka huo wote. Wewe una nyumba, familia imo, na unaingia. Wiki sita zinatosha na kubaki.

Mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, kwa hiyo mshahara wa Kitwe unaingia kwenye ritani yako ya Tanzania, yaani taarifa ya mapato unayowasilisha TRA. Usiogope kulipa mara mbili: kodi uliyolipa Zambia hupunguzwa kwenye kodi ya huku, ila si zaidi ya kodi ambayo mapato hayo yangetozwa Tanzania. Isitoshe, nchi hizi mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Usome, hasa sehemu ya ajira, kabla hujalipa chochote cha nyongeza.

Wengi hukwamia kwenye karatasi. Hati za mshahara peke yake ni ushahidi dhaifu. Mwombe mwajiri hati ya mwaka inayoonyesha kodi iliyokatwa na kupelekwa mamlaka ya mapato ya Zambia. Mwajiri wa nje hakukatii PAYE (kodi ya mshahara anayokata mwajiri kila mwezi) ya Tanzania, kwa hiyo ritani ni juu yako, na mwisho wake ni 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Tumeajiri mtaalamu wa chai kutoka Zimbabwe kwa miezi 18. Alifika 3 Agosti, ameacha familia kwao. Tumkate kodi kwa viwango vipi?
*Ofisi ya rasilimali watu, Mufindi*

Urefu wa mkataba hausemi kitu. Hesabu siku za kila mwaka peke yake: 3 Agosti hadi 31 Desemba ni siku 151. Hafikishi 183, na kama hajawahi kuishi hapa wala hana makazi ya kudumu, mwaka huo si mkazi. Mkateni asilimia 15 ya mshahara wote.

Januari mambo yanageuka. Akiendelea kuwapo atakuwa mkazi wa mwaka huo, na viwango vya kawaida vya PAYE vinaanza. Kwa mshahara wa shilingi 4,000,000 kwa mwezi (tuchukulie ndicho kiasi kinachotozwa kodi), asiye mkazi hukatwa 600,000. Mkazi hukatwa 1,028,000, yaani 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya milioni tatu zilizobaki. Mhasibu akisahau kubadilisha, pengo ni 428,000 kila mwezi, na TRA itaanza kumdai mwajiri.

Mapato yake ya Zimbabwe msiyaguse: mtu ambaye maisha yake yote amekuwa mkazi hapa kwa miaka isiyozidi miwili hutozwa kwa mapato ya Tanzania tu. Lakini akimleta mke na watoto kwenye nyumba ya shambani, suala la makazi ya kudumu linafufuka, tena huenda tangu mwaka wa kwanza.

Nilihamia Norway kikazi 10 Agosti mwaka jana. Nyumba yangu ya Ipogolo nimeipangisha kampuni. Natarajia kuja Krismasi kwa wiki tatu. Bado mimi ni mkazi?
*Dada wa Iringa*

Mwaka ulioondoka, ndiyo, bila ubishi. Hadi 10 Agosti ulishakaa siku 222, na ukazi hupimwa kwa mwaka mzima. Haukatwi vipande siku ya kupanda ndege. Mshahara wa Norway wa miezi iliyobaki nao unahesabiwa, na Norway pia ina mkataba na Tanzania.

Mwaka huu ndio wenye mtego. Kwa kawaida nyumba uliyoikabidhi kwa mpangaji, ambayo huwezi kuingia na begi lako ukalala, si makazi yako tena. Siku 21 nazo ziko mbali na 183. Lakini kuna kigezo cha tatu: ukiwepo nchini mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, u mkazi. Jumlisha: 365 za mwaka juzi, 222 za mwaka jana na 21 za mwaka huu ni 608, gawa kwa 3, unapata zaidi ya 202. Krismasi hiyo inakurudisha kuwa mkazi. Ukiahirisha safari hadi Januari, kigezo hiki hakikugusi mwaka huu, na mwakani hesabu itakuwa 222, sifuri na 21: umeshatoka. Kama mama anakusubiri Desemba, njoo tu, ila ujue ritani inakusubiri pia.

Tunza picha za mihuri yote ya pasi, ya kutoka na ya kuingia. Ukikaribia sana kikomo cha siku, usijipe moyo kwa tofauti ya siku moja au mbili.

Kuhusu kodi ya pango: mpangaji wako hukata zuio (kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango kabla hujalipwa) la asilimia 10 ukiwa mkazi na 15 usipokuwa mkazi. Mwandikie barua mara hali inapobadilika, kwani akikata pungufu anadaiwa yeye, kisha atakugeukia wewe.