Ushirikishwaji wa wananchi katika maandalizi ya mafuriko: niliyoyaona Bonde la Msimbazi

Mleta mada ameuliza kama "ushirikishwaji wa jamii" katika kujiandaa na maafa ni jambo la kweli au ni maneno ya kupamba maandiko ya miradi. Nitajibu kwa niliyoyaona nikiwa mjumbe wa kamati ya maafa ya mtaa wetu, kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kufanya familia nyingi za bondeni zihamishiwe Mabwepande, nje kidogo ya jiji, semina zilikuwa nyingi, na nyingi ziliishia kwenye posho na karatasi ya mahudhurio. Kazi iliyoacha kitu mkononi ilikuwa ya ramani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata mbalimbali, wakapita vichochoroni wakiingiza nyumba, mifereji na makalvati kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Mtaani kwetu mama mmoja mkazi wa siku nyingi alituonyesha michirizi ya matope ukutani kwake, wa juu kabisa ukiipita swichi ya taa, akaeleza kwamba maji hayamfikii kutokea mtoni bali hurudi nyuma kupitia mfereji ulioziba taka. Picha ya kutoka angani isingetuambia hilo.

Ugumu ulikuwa kwa wapangaji. Vikao viliitishwa asubuhi za siku za kazi, kwa hiyo waliofika ni wenye nyumba na wazee, ilhali wapangaji, ambao ndio wanaolala vyumba vya uani vilivyo chini kuliko barabara, walikuwa Kariakoo wakitafuta riziki. Vikao vilipohamishiwa Jumapili jioni ndipo tukasikia kwa nini watu hawaondoki hata tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangazwa: wanaogopa wezi, na wanaogopa kupoteza kodi ya miezi sita waliyokwisha kulipa. Suala la kodi halikupata ufumbuzi mpaka leo. La wizi lilipata: vijana wa ulinzi shirikishi walikubali kulinda nyumba zilizoachwa, msikiti ukatoa kipaza sauti, na kila mzee au mgonjwa akapangiwa jirani wa kumgongea mlango.

Bangladesh wamefanya hivyo kwa upana zaidi. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Tangu hapo wakajenga mtandao wa wanavijiji wa kujitolea wanaotangaza hatari kwa vipaza sauti na bendera, na vifo vimepungua mno, ingawa sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya majengo imara ya kukimbilia, ambayo hayajengwi kwa michango ya wanakijiji.

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaoitupia jamii kila kitu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mtaa mmoja wa bondeni hauwezi kuzuia mchanga unaoshuka kutoka huko, hata tuzibue mifereji kila Jumamosi kwa makoleo ya kuchangishana. Kwa hiyo mradi ukija mtaani kwako, uliza kikao kitakuwa siku gani na saa ngapi, kamati itapewa fungu gani, na nani atakaa na funguo za madarasa ya shule ya kukimbilia usiku wa mvua.